Kumwondoa Mzoefu Katikati ya Kazi

Wako watu wasemao kwamba kazi haina haya: awezaye na akae, asiyeweza na aondoke, na mahali pake awekwe mwingine. Wako na wengine wasemao kwamba mtu aliyetumika miaka mingi hastahili kutupwa kama jembe lililovunjika mpini, hasa shamba likiwa halijamalizika kulimwa. Maneno haya mawili yote yana kweli ndani yake, na kwa sababu hiyo yafaa tuyapime, maana penye kweli mbili zigombanazo ndipo mtu hupotea upesi. Nataka tuyapime kwa habari moja ya mashindano ya motokaa. Msomaji asicheke akisema kwamba motokaa za mbio hazituhusu sisi watu wa jembe na ng'ombe. Jambo hili huwa kila mahali palipo na mwenye kazi, na mfanya kazi, na mtu wa tatu asimamaye mlangoni akingoja nafasi.

Mashindano yaitwayo Formula 1 hayafanani na Safari Rally ya Kenya, ambayo wengi wa huku wameiona kando ya barabara, motokaa ikipita moja moja katika vumbi na matope. Katika Formula 1 motokaa zote huanza pamoja, nazo huzunguka njia ile ile ya lami mara nyingi, mwendo wa kilometa zipatazo 300. Kila timu ina motokaa mbili na madereva wawili. Mwaka 2024 timu zilikuwa 10, basi viti vilikuwa 20 tu ulimwenguni mwote, na mashindano ya mwaka ule yalikuwa 24. Katika kila shindano wa kwanza hupewa alama 25, wa pili 18, na hivyo kushuka mpaka wa kumi apewaye alama 1. Mwisho wa mwaka alama hujumlishwa, kama sisi walimu tujumlishavyo alama za mitihani, na mwenye nyingi ndiye bingwa.

Kampuni ya Red Bull ya Austria, iuzayo vinywaji, ina timu mbili. Ya kwanza ni ya kutafutia ubingwa. Ya pili iko Faenza katika Italia. Kampuni iliinunua mwaka 2005, ikafanywa kuwa kama shule. Vijana hufundishwa humo, na yule aonekanaye hodari hupandishwa timu ya kwanza. Katika shule hiyo alipita Bwana Daniel Ricciardo, mtu wa Perth katika Australia, aliyezaliwa mwaka 1989. Alipandishwa mwaka 2014, na katika mwaka ule ule akashinda mara tatu. Hata kufikia mwaka 2021 alikuwa amepata ushindi 8, wa mwisho akiupata katika timu ya McLaren. Kisha nguvu zake zikaonekana kupungua, akakosa kiti. Walakini mwezi wa Julai mwaka 2023 watu wa Red Bull walimrudisha katika ile timu ya pili.

Mwaka 2024 haukumwendea vema. Baada ya mashindano 18 alikuwa na alama 12, na mwenzake katika timu, Yuki Tsunoda wa Japani, alikuwa na 22. Tarehe 22 Septemba walikimbia Singapore, usiku, chini ya taa. Ricciardo alimaliza wa 18. Lakini karibu na mwisho alitiwa matairi mapya, akazunguka mzunguko mmoja upesi kupita wote. Mwaka ule mzunguko wa namna hiyo ulikuwa na alama moja ya ziada kwa dereva aliye katika kumi wa kwanza. Ricciardo alikuwa nyuma, basi yeye hakupata kitu. Lakini alama ile ilimtoka Lando Norris, aliyekuwa akishindania ubingwa na Max Verstappen wa Red Bull. Verstappen akamshukuru. Shindano lilipokwisha, Ricciardo alikaa ndani ya motokaa yake kitambo kabla ya kushuka, na watu wa magazeti walipomwuliza habari alijibu kama mtu anayeaga, machozi yakimlengalenga. Timu ilikuwa haijatangaza neno. Siku nne zikapita, ndipo tarehe 26 ikatangazwa kwamba mashindano 6 yaliyobaki yataendeshwa na Liam Lawson, kijana wa New Zealand, mwenye umri wa miaka 22.

Je, ni haki? Tuanze na upande wa wenye timu, maana nao wana neno la kusema, wala si dogo.

Kwanza, kiti si mali ya dereva. Amekabidhiwa, naye akikabidhiwa hujua kwamba kazi ya kiti ni kuleta alama. Tena timu ya pili ni shule. Mtu wa miaka 35 aliyekwisha kushinda mara 8, je, yafaa akalie dawati la mwanafunzi, na mwanafunzi asimame nje? Lawson alikuwa amekwisha kuonyesha uwezo wake. Mwaka 2023 Ricciardo alipovunjika mfupa wa mkono huko Zandvoort, kijana huyu aliitwa ghafula, akaendesha mashindano 5, na katika Singapore akawa wa 9. Ricciardo alipopona, Lawson akarudi kukaa kando karibu mwaka mzima, akitazama. Sisi hulia kwa ajili ya mzee atolewaye, nasi hufanya vema. Lakini ni nani amliliaye kijana aliyengoja asiitwe? Kungoja kwake hakuna machozi ya hadharani, lakini ni mzigo kweli kweli. Haki ya kijana nayo ni haki.

Pili, Ricciardo mwenyewe aliingia kwa mlango ule ule. Mwezi wa Julai mwaka 2011, huko Silverstone katika Uingereza, aliwekwa katika timu ndogo ya Hispania mahali pa Narain Karthikeyan, mtu wa kwanza wa India kuendesha katika mashindano hayo. Karthikeyan alikuwa na miaka 34, Ricciardo 22. Na mwaka 2023 aliporudishwa, aliyeondolewa ili yeye aketi alikuwa Nyck de Vries wa Uholanzi, ambaye alikuwa ameendesha mashindano 10 tu ya mwaka ule. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Afaidiye desturi fulani akiwa kijana hawezi kuiita uovu siku imfikiapo yeye, isipokuwa akubali kwamba ilikuwa uovu tangu hapo.

Tatu, wenye timu huonyesha matunda. Mwaka 2016, baada ya mashindano 4 tu, walimwondoa Daniil Kvyat katika timu ya kwanza, wakamweka Max Verstappen, kijana wa miaka 18. Tarehe 15 Mei, katika shindano lake la kwanza katika kiti kile, huko Hispania, Verstappen akashinda. Hajapata kuwako mshindi mwenye umri mdogo kama ule. Baadaye akawa bingwa wa ulimwengu miaka minne mfululizo, kuanzia 2021 hata 2024. Watu wakasema, Mwaona? Kama wangaliona haya, ubingwa huu ungalitoka wapi?

Hayo ndiyo maneno ya wenye timu. Sasa tuyatazame.

Neno la matunda ndilo linalovuta watu wengi, nalo ndilo dhaifu. Katika shindano lile la Hispania, madereva wawili wa timu ya Mercedes, ambayo wakati ule ilikuwa na nguvu kupita zote, waligongana wao kwa wao katika mzunguko wa kwanza, wakatoka wote wawili. Verstappen alikuwa hodari, hapana shaka. Lakini njia ilifunguliwa na makosa ya watu wengine. Tena Kvyat aliyeondolewa alikuwa amemaliza wa tatu huko China siku chache tu kabla ya hapo. Mwaka 2019 timu ile ile ilimshusha Pierre Gasly wa Ufaransa baada ya mashindano 12, kwa kuwa alionekana hafai. Mwaka uliofuata Gasly huyo huyo, akiwa katika timu ya pili, alishinda huko Monza katika Italia. Basi matunda yakitumiwa kuwa shahidi, husema mara hivi na mara hivi. Mtu afanyaye jambo bila haki huenda akavuna, na mwenye haki huenda akakosa mvua. Sisi wakulima twalijua hilo. Kwa hiyo hatusemi kwamba mwizi wa mahindi alifanya vema kwa kuwa watoto wake walishiba.

Wala umri peke yake si sababu. Joginder Singh wa Kenya alishinda Safari Rally mwaka 1965, akashinda tena 1974, na mara ya tatu 1976, akiwa na miaka 44. Kama mtu angalihesabu miaka yake asihesabu kazi yake, angalimnyima ushindi wa tatu.

Lakini neno la kwanza na la pili ni mazito, nami siwezi kuyapuuza. Nakubali kwamba kiti si mali ya mtu. Nakubali kwamba mashindano 18 katika 24 ni kipimo cha kutosha, wala haikuwa dhuluma kusema, Huyu hawezi tena kama zamani. Kama mwenye shamba akiona mwezi wa nane kwamba mpaliliaji wake amechoka, halazimishwi kuacha magugu yale mazao mpaka mwaka uishe, kwa ajili ya heshima tu. Basi ubaya uko wapi, ikiwa uko?

Mimi naona uko katika zile siku nne, na katika ule mzunguko mmoja. Mtu aliendesha shindano lake la mwisho, akawafaa wenzake wa timu kubwa kwa alama moja, watu wote wakiona kwamba anaondoka, na asiwepo wa kusimama mbele ya watu na kusema, Leo ndiyo siku ya mwisho ya huyu, na tumshukuru. Aliachwa ajiage mwenyewe. Shukrani za wakubwa zilikuja kwa karatasi, kiti chake kikiwa kimekwisha kupewa mwingine. Na alama ile, ambayo kwayo alihesabiwa kuwa amefaa hata mwisho, haikuhitajiwa: mwisho wa mwaka Verstappen alimpita Norris kwa alama 63. Sisemi hivyo kuidharau, bali kuonyesha kwamba mtu aweza kutoa alichobaki nacho, nacho kikawa kidogo, na bado ikapasa apokewe kwa mikono miwili.

Tazameni jinsi Musa alivyoondolewa. Naye pia aliondolewa kazi ikiwa haijaisha, tena karibu sana na mwisho wake, maana nchi aliiona kwa macho asiingie. Hapana mzoefu aliyekuwa mzoefu kuliko yeye. Lakini katika kitabu cha Hesabu twasoma kwamba aliambiwa wazi sababu yake. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba mkutano uwekewe mtu wa kuuongoza. Na kwamba aliamriwa kumwekea Yoshua mkono mbele ya kuhani na mbele ya watu wote, na kumpa sehemu ya heshima yake. Kuondolewa kulikuwa kule kule, na uchungu ulikuwapo. Lakini hakuondolewa gizani, na mgeni hakuingia kwa mlango wa nyuma. Watu waliona mkono wa mzee juu ya kichwa cha kijana, nao wakajua kwamba kazi ni moja.

Mtu aweza kuniambia, Hawa madereva wana fedha nyingi kuliko kijiji chetu kizima. Kwa nini tuwahurumie? Sikuja kuomba sadaka kwa ajili yao. Tendo la kumwaibisha mtu halipungui ubaya kwa kuwa ana nyumba nzuri. Na aliyezoea kuona kwamba tajiri aweza kuondolewa bila kuagwa, hatashangaa siku maskini atakapofanyiwa vivyo hivyo, naye hana pa kwenda.

Sasa tumtazame mgeni, maana habari yake haikuishia pale, nami naona ndiyo yenye mafundisho zaidi. Lawson aliendesha yale mashindano 6, akapata alama 4. Mwezi wa Desemba alipandishwa timu ya kwanza, mahali pa Sergio Pérez wa Mexico. Mwaka 2025 ulipoanza, katika shindano la kwanza huko Melbourne, aligonga ukuta katika mvua. Katika la pili, huko Shanghai, wakati wa kugombea mahali pa kuanzia, alikuwa wa mwisho. Tarehe 27 Machi ikatangazwa kwamba anashushwa. Mashindano mawili tu! Aliyewekwa mahali pake ni yule Tsunoda, naye mwisho wa mwaka ule akakosa kiti hicho hicho.

Hapo twaona jambo ambalo mwenye kukata upesi halioni. Desturi ya kumwondoa mzee kwa haraka haimnufaishi kijana, ijapokuwa mwanzoni humpa nafasi. Humpa kiti kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto humwonyesha panga lililomkata mwenzake. Naye huketi akijua kwamba hakupewa muda wa kujifunza, bali muda wa kutokosea. Je, mtoto aweza kujifunza kuandika, ikiwa mwalimu amesema kwamba wino ukidondoka mara mbili atafukuzwa shule?

Tena, mwenye haraka hapati kujua kosa liko wapi. Pérez alishindwa katika kiti kile, Lawson akashindwa, Tsunoda akashindwa. Mpishi wa tatu akiunguza chungu kile kile, tazameni mafiga. Huenda motokaa yenyewe ilikuwa ngumu kwa kila mtu ila Verstappen peke yake. Lakini anayebadili watu kila apatapo hasara hujifariji kwamba ametenda jambo, wala hafiki kuyatazama mafiga.

Na huyu Lawson aliyeonekana hafai baada ya mashindano mawili? Alirudi timu ya pili, akatulia, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule, huko Baku katika Azerbaijan, alimaliza wa 5. Hapo namkumbuka Yohana Marko. Paulo alikataa kumchukua katika safari ya pili, kwa kuwa aliwaacha katika ile ya kwanza. Na kwa kazi ile Paulo alikuwa na sababu. Lakini Barnaba alimchukua, akampa muda, na baada ya miaka Paulo mwenyewe, akiwa kifungoni, aliagiza aletewe Marko, maana alimfaa. Kama asingalikuwapo mtu kama Barnaba, Paulo angalimwita nani?

Ndugu wasomaji, katika vijiji vyetu hatuna timu za Formula 1, lakini tuna kwaya, na vyama vya ushirika, na timu za mpira, na kamati za shule. Kila mwaka huinuka neno kwamba kiongozi wa kwaya amezeeka sauti, au kwamba mtunza hazina wa ushirika hajui hesabu za siku hizi, na kwamba yuko kijana aliyetoka masomoni. Huenda neno hilo ni kweli. Lakini kabla ya kulitenda yafaa tujiulize mambo manne.

La kwanza: je, mwenyewe ameambiwa? Si kwa minong'ono ya kisimani, bali uso kwa uso, akatajiwa kosa lake na kupewa muda wa kulitengeneza. Asiyeambiwa hakuhukumiwa, ameviziwa.

La pili: je, twambadili kwa ajili ya kazi, au kwa ajili ya macho yetu? Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mara nyingi tupendacho si kazi ya kijana, ambayo hatujaiona, bali ule upya wake. Na upya huchakaa katika majuma machache.

La tatu: je, tuko tayari kumpa mgeni muda wa kukosea? Kama hatuko tayari, basi tusimwite; maana tutakuwa tumemvunja mzee na kijana pamoja, na kazi itabaki bila mtu.

La nne: je, tutamwaga aondokaye mbele ya watu? Na asimame siku ya Jumapili, aelezwe aliyoyatenda, amkabidhi kijana kitabu au funguo kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo halina gharama. Tena lina faida ambayo wengi hawaifikiri: mzee aliyeagwa vema huwa mshauri, na mzee aliyetolewa gizani huwa mpinzani, hata akinyamaza.

Nao wawili wana wajibu wao. Aondolewaye asitie sumu kisimani kwa sababu hatachota tena. Aingiaye asimcheke aliyemtangulia. Daudi alijua kwamba ufalme utakuwa wake, hata hivyo hakunyosha mkono juu ya Sauli, na siku Sauli alipokufa alimlilia kwa kweli. Kijana aketiye katika kiti chenye joto la mwenzake na akumbuke kwamba joto lile ni la kazi, na kwamba siku moja naye atakiacha kikiwa na joto.

Basi mimi sisemi kwamba mzoefu akae milele, wala sisemi kwamba mgeni angoje mpaka azeeke mlangoni. Nasema kwamba kubadili mtu si sawasawa na kubadili tairi. Tairi hutolewa likatupwa kando, nalo halina neno. Mtu akitolewa, wote waliobaki humtazama, nao hujifunza pale jinsi watakavyotendewa wao. Wazee wa kanisa na wanakamati wasomao gazeti hili, mikutano ya kuchagua viongozi itakapofika, tafadhalini mlikumbuke jambo hili kabla hamjainua mikono.